Kabla ya Kinu

Jumatatu, 4 Septemba

Tumeingia korongoni. Basi, imekwisha! Boti la mpira halipandi mto, linashuka tu. Kapteni katueleza hivyo asubuhi huku anatukaza mikanda ya majaketi ya kuelea, anacheka kama mtu anayetangaza punguzo la bei. Mimi sikucheka. Jaketi lenyewe linanuka jasho la watu nisiowajua.

Na jua! Juu yetu jangwa tupu. Huku chini mwamba mwekundu kushoto, mwamba mwekundu kulia, hakuna hata jani la kumsitiri mjusi. Katikati maji ya baridi ya kuuma mifupa. Yanafunguliwa chini kabisa ya bwawa, huko hayajawahi kuliona jua. Kwa hiyo kichwa kinaungua na miguu inaganda kwa wakati mmoja. Na kuna watu hulipia haya kwa hiari yao!

Sisi hatukulipa. Ni zawadi ya kijana wetu. Baba yake kastaafu kufundisha udereva, basi mtoto akaona wazee wakalowane pamoja. Yuko mbali, hajaambiwa kitu. Lakini watoto wana pua.

Tupo abiria wanne. Mimi. Mume wangu — mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi nilishazoea. Daktari wa meno mmoja mnene, mdomo wake haupumziki, nadhani kazini anaongea peke yake kwa sababu wagonjwa wameachama. Na binti wa benki, mpole, anapaka mafuta ya jua kila tunaposimama. Kapteni ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukanda unga wa kijiji kizima. Boti la pili ni la mpishi: vyakula, magodoro, na — niandike tu, nani ataniona — choo. Sanduku la bati lenye kifuniko. Sheria ya mto huu ni kwamba hakuna kuacha kitu, hata hicho. Mnakibeba.

Daktari akasema, hata ndoa ni hivyo hivyo, mnabebeana. Binti wa benki alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu akatazama maji.

Nimekagua boti. Siwezi kujizuia, miaka yote hii nashona sare za shule, jicho linatafuta mshono lenyewe. Halijashonwa, limegundishwa. Kuna kiraka upande wangu. Kimekaa vizuri, lakini kiraka ni kiraka.

Jumanne, 5 Septemba

Mikono haishiki kalamu. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi Kapteni alitufundisha amri. "Mbele!" — wote mnapiga kasia. "Nyuma!" — mnarudisha. "Shika!" — mnajikunyata chini na kushika kamba. Hakuna kujadili. Mwalimu alishika upesi kuliko wote, na bado kila tukikaribia jiwe mguu wake wa kulia unakanyaga breki. Breki ya wapi, jamani? Daktari aliona, akamwambia, Mwalimu, hili gari lako limekatika breki. Hata Kapteni alicheka. Na Mwalimu pia, kidogo! Sijamwona akicheka tangu ile siku ya chai.

Mchana tukafika kwenye maporomoko wanayoyaita Mama Mkwe. Kwa nini? Mpishi anasema kwa sababu hata uje vizuri namna gani, lazima atakuwa na neno. Neno lake lilikuwa kwangu. Boti liliinuka upande wangu, mimi nikatoka kama punje kwenye ungo. Baridi! Sikupata hata pumzi ya kupiga kelele. Nilipoibuka niliona boti, niliona mgongo wa Mwalimu. Anapiga kasia. Hakugeuka! Kapteni anapiga kelele mbele, mbele, na yeye mbele, mbele. Aliyenirushia kamba ni Kapteni, aliyenivuta na kuniingiza ni daktari wa meno, kanishika mabega ya jaketi kama gunia.

Tulipofika ukingoni kwenye mchanga nilimwuliza. Kwa upole nilimwuliza. Akasema, "Kapteni alisema mbele."

Kapteni akaja kunieleza kwamba wangeacha kupiga kasia, boti lingenibana mwambani. Kwa hiyo alifanya sawa. Sawa. Najua alifanya sawa. Lakini mtu hata shingo haimwashi?

Jioni nimekuta viatu vyangu vimeanikwa juu ya jiwe la moto, kamba zimefunguliwa, ndimi zimevutwa nje. Ni yeye. 

Niandike lile la chai, maana ndilo ninalozunguka nalo. Miezi miwili iliyopita, anakoroga chai, akasema anahamia shambani kwa kaka yake. "Wewe ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki na vyerehani vyako, baki. Sikulazimishi, mama." Akaendelea kukoroga. Nimemzalia, nimemuuguza, nimemzika mama yake kwa mikono hii, halafu nakaribishwa kama jirani aliyepita mlangoni! Nikamwambia nitakupa jibu. Sijampa. Nimejiwekea kwamba nitampa tukitoka kwenye huu mto. Nikisema nakwenda, namfuata mtu ambaye hakuniita. Nikisema nabaki, ndiyo tumeachana, hata kama hakuna atakayelitamka.

Neno analolipenda huyu bwana ni "upendavyo." Tule nini? Upendavyo. Tumuuze kuku au tumweke? Upendavyo. Nilipokuwa msichana nililiona neno la heshima.

Jumatano, 6 Septemba

Upepo wa mbele siku nzima. Mto umelala, hausukumi, tunapiga kasia kama tunalima. Mchanga machoni, mchanga kwenye mkate, mchanga kwenye meno. Daktari wa meno kanyamaza! Ndiyo ujue.

Kuta zimepanda zaidi. Jua linaingia huku kwa muda mfupi tu halafu kivuli. Nilidhani nitashukuru kivuli. Ni kizito.

Wakati wa chakula nililipuka. Nilisema mbele ya watu wote kwamba ningeona njia ya kutoka humu, ningetoka hata kwa magoti. Mpishi akasema njia ipo, kesho utaiona, ni moja tu. Mwalimu akaacha kutafuna. Kisha akasema, si kwa mtu fulani, anauangalia mto: "Mtu akiumaliza huu, amemaliza." Uso wake ulikuwa umefunguka kama kijana anayeota gari.

Basi nikajua. Anautaka huu mto. Hataki shamba, hanitaki mimi, hataki chochote kama anavyoutaka huu mto.

Analaza godoro lake mbali. Hakuna hema, joto. Kila mtu na mchanga wake.

Alhamisi, 7 Septemba

Leo mengi. Ngoja niyapange, maana kichwa kinazunguka.

Kinu, maporomoko makubwa ya mto huu, tulikisikia kabla hatujakiona. Kwanza nilidhani ni lori. Halafu nikakumbuka tuko wapi, lori litoke wapi! Kapteni akatuegesha kwenye mchanga mpana, mkono wa kushoto, na pale pale nikaiona ile njia — mstari mwembamba unapanda mwambani, unakunja huku, unakunja kule, mpaka shingo inauma. Chini yake mwenye punda anatungojea. Kashuka na mboga, anapanda na sanduku la bati. Ndiyo biashara yake, na haoni haya. Aliniambia punda wake mkubwa ndiye mnyama mwenye siri nyingi kuliko wote duniani.

Tukapelekwa kukitazama Kinu kutoka juu ya jabali. Heri nisingetazama. Mto wote unabanwa, unaingia kwenye shimo, unajitwanga wenyewe. Kweli ni kinu, na mchi hauonekani. Kapteni akatuonyesha: maji yakiwa machache kama sasa, meno ya mawe yako nje, hapapitiki. Bwawa likifunguliwa, maji yanapanda, upande wa kushoto panakuwa na uchochoro. Unapita hapo au hupiti. Haukai sana. Binti wa benki aliuliza kama kuna waliowahi kufa. Kapteni akasema, "Wapo." Kama hivyo. Nilimheshimu kwa hilo.

Halafu akatueleza desturi yake. Hapa ndipo pa mwisho pa kutokea. Kila mtu ataulizwa peke yake, ukingoni, mgongo kambini: unapita au unatoka? Jibu linabaki kati yake na wewe. Marufuku kumuuliza mwenzako, marufuku kumshauri, awe mume, awe mke, awe nani. Anayetoka anaguswa bega alfajiri na mwenye punda na kuondoka bila kuaga. Anayepita anaamka anakuta nani yupo. Daktari akasema, mbona kama kura ya siri? Kapteni hakucheka safari hii. Alisema mwaka fulani alimpakia mwanamke aliyebembelezwa na mumewe usiku kucha. Ndani ya Kinu yule mama aliachia kasia, akafumba macho, mikono ikaganda. "Aliyesukumwa hapigi kasia," akasema. "Na mimi bado namwota."

Nilikuwa wa tatu kuitwa. Mwalimu alishatoka kuulizwa, anakoroga chai ya mpishi, uso wake mkavu kama ukuta. Nikamtazama. Hakunitazama.

Nikachuchumaa na Kapteni. Maji yananilamba vidole. Niseme ukweli wangu hapa: kila mfupa ulisema toka. Nina miaka yangu, nina vyerehani vyangu, sina cha kumthibitishia mtu. Lakini niliuona ule uso wake wa jana. Nikafikiri, akipita peke yake akafa, nitaishi vipi? Na akipita peke yake akapona, je? Atatoka upande wa pili amejua kwamba mimi siyo lazima. Hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi, Mungu anisamehe.

Nikasema, "Napita."

Kapteni alinitazama kwa muda mrefu. Muda mrefu sana. Akauliza, "Mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Akashusha pumzi, akanipiga begani, akamwita binti wa benki.

Jioni hii — hiki ndicho nilichotaka kukiandika, mengine yote ni maneno tu — Mwalimu kabeba godoro lake, kaliburuta mchangani, kalilaza kando ya langu. Karibu, mkono kwa mkono. Sikuuliza. Marufuku kuuliza. Akasema, "Kesho kutakuwa na baridi asubuhi." Nikasema, "Eeh." Ndiyo maongezi marefu zaidi ya wiki hii!

Nimefurahi. Mjinga mimi, nimefurahi. Kumbe tunapita wote.

Ijumaa, 8 Septemba

Hayupo.

Nimeamka godoro lake limekunjwa. Kwa unadhifu, kama anavyokunja kila kitu. Nikadhani yuko mtoni. Nikadhani yuko kwenye kile choo. Sanduku lenyewe halipo. Punda hawapo. Daktari yupo, anasukutua mdomo. Binti wa benki yupo, anapaka mafuta yake. Ni yeye tu.

Yeye! Aliyeutaka mto!

Nimemwendea Kapteni, sikuvaa hata viatu. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi. Ulijua! Umetuuliza wote wawili, umesikia hivi na hivi, ukanyamaza, ukala chakula chetu! Alikuwa anafunga kamba, hakuacha kufunga. Akasema, "Nilijua, mama. Ningefungua mdomo ningekuwa nimewachagulia." Nikamwambia basi si ungetuchagulia! Akavuta fundo. Macho yake mekundu. Halali vizuri yule mwanamke.

Nimeomba nipande nimfuate. Hapana. Jua likishatoka njia ile inaua, na maji ya kunywa ya njiani yamekwenda na mwenye punda. Halafu mimi nikitoka, makasia yanabaki mawili, na boti la makasia mawili halipiti Kinu. Daktari na binti wa benki watanasa hapa. Daktari alisikia. Akasema, nenda mama kama ni lazima, sisi tutaona. Mtu mwenye maneno mengi akisema machache, yanaingia. Nikakaa chini.

Pale alipokuwa anakaa Mwalimu wameweka mifuko miwili ya mchanga. Uzito wa mtu.

Nimeshakaa, nimefikiri, sasa naelewa, na afadhali nisingeelewa. Ni mimi. Ni lile nililosema mbele ya watu, kwamba ningetoka hata kwa magoti. Alinisikia! Aliacha kutafuna! Akautoa mto wake, mto alioutaka hivyo, akasema natoka, ili nisipande kule peke yangu nyuma ya punda. Na godoro. Alilileta karibu ili tuguswe pamoja.

Mimi nami nikautoa uhai wangu nipite naye. Watu wazima wawili! Hakuna kati yetu aliyesema nifuate, au nisubiri, au naogopa. Kila mmoja kamfanyia mwenzake wema kimya kimya, tumepishana kama watu wawili mlangoni.

Lakini kuna hili, na hili ndilo linanila. Mwenye punda alimgusa yeye. Mimi hakunigusa. Nilikuwa hapo hapo, mkono kwa mkono, nimelala, pengine nakoroma. Mwalimu aliamka, akaona mimi siguswi. Akajua. Palepale akajua kwamba nilisema napita. Akakunja godoro na kwenda. Kwa nini? Kwa sababu alishatoa neno na yeye akiambiwa mbele ni mbele? Au alidhani nimechagua mto ili niachane naye? Kwamba lile ndilo jibu langu, la chai, la shamba, la kila kitu, na yeye kama kawaida yake — upendavyo, mama?

Hata kunitikisa bega. Marufuku, marufuku, wamekufa wangapi kwa marufuku!

Kapteni kaweka jiwe jeupe ukingoni. Maji yakilifunika, tunaondoka, uchochoro hautungoji. Nimemuuliza, na Mwalimu akirudi kabla ya hapo? Akasema, "Mifuko ya mchanga inamwagwa mara moja." Nikamuuliza na neno lake la siri je? Akasema mtu akishuka mwenyewe kwa miguu yake, hiyo ni kujibu upya.

Maji yananusa jiwe.

Mpishi ndiye aliyemwona. Kule juu, kwenye kona ya njia, mbali, wadogo kama sisimizi ukutani: punda, punda, mwenye punda, nyuma kidogo mtu mwenye kofia nyeupe. Kofia nilimshonea mimi. Nimesimama kwenye maji, nimepiga kelele. Mwalimu! Kinu kinanguruma, hata mimi mwenyewe sijisikii. Nikavuta pumzi nikapiga tena, na safari hii sikusema jina. Nilisema njoo. Njoo! Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hilo kwa sauti hiyo, wala yeye hajawahi kuniambia mimi. Njoo, naogopa, sitaki mto, sitaki kubaki, twende hilo shamba, twende popote, njoo!

Binti wa benki akaja kusimama kando yangu, akapiga kelele. Daktari naye, sauti yake yote aliyokuwa ameitunza. Mpishi akagonga sufuria. Watu wanne tunaulilia mwamba.

Jiwe limelowa nusu. Kapteni ameingia kwenye boti. Ananiita nikae, nifunge helmeti, kitabu nikitie kwenye mfuko usiopitisha maji. Nimekaa. Naandika na kasia mapajani. Nimemwambia sekunde moja.

Punda wamepita ile kona. Mwenye punda amepita. Mwalimu hajapita. Amesimama. Hapandi, hashuki.

Mifuko ya mchanga bado iko kwenye nafasi yake. Nimetia mkono, nafungua fundo la wa kwanza, Kapteni ananiona, ananiacha. Fundo limekaza.

Jiwe silioni tena. Kapteni anahesabu kwa sauti, anahesabu polepole kuliko kawaida, namjua sasa.

Amegeuka! Daktari anasema amegeuka. Binti wa benki naye anasema ndiyo, kofia imesogea. Lakini jua limetokea nyuma yake, najikinga macho, sioni kama ni uso au ni mgongo, na Kapteni amesema mbe